Mama Shemasi na Kichuguu cha Dawa

Ashukuriwe Mungu, aliyetuvusha mpaka na watoto mgongoni, akatupa nchi ya kulima kabla hatujajifunza jina lake. Ashukuriwe kwa mvua za vuli na mvua za masika. Ashukuriwe zaidi kwa uvumilivu wake, maana mtu kama mimi angehukumiwa kwa haraka, leo asingekuwa na mkono wa kushika kalamu.

Vijana wa kanisa letu la Juru, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wameniomba niandike habari za yule mama tuliyemwita Mama Shemasi, ili watoto waliozaliwa kambini wamjue. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba niandike na sehemu yangu. Mama huyu alivaa kichwani kitambaa cheupe cha ushemasi kwa miaka zaidi ya kumi. Siku alipovuliwa, mikono iliyokipokea kitambaa hicho ilikuwa yangu, na kosa lililomvua lilikuwa langu pia. Nataka msomaji alijue hilo tangu mwanzo, asije akanisifu katikati.

Alikozaliwa sitaandika, wala ukoo wake. Wengi wetu tulitoka milima ya Kivu ya Kusini tangu vita vya 1996, na ukoo wa mtu ulikuwa kitu tulichojifunza kutouliza. Tulimjua kwa kazi yake na kwa mwendo wake. Alikuwa mfupi, mwepesi, anatembea haraka huku akitazama chini hatua tatu mbele ya miguu yake, kama mtu aliyedondosha sindano. Vijana wa baiskeli walimtania njiani.

"Mama Shemasi, umepoteza nini?"

"Miye sipotezi kitu. Miye naokota."

Na kweli aliokota. Mvua za kwanza zikishanyesha, kabla jogoo hajamaliza kuwika, yeye alikwisha kupita mashamba ya maharage na kufika kwenye vichuguu vya mchwa, anakusanya uyoga. Kwetu tunasema buyoga. Alikuwa na kitenge kimoja cha kazi hiyo tu, cha rangi ya udongo, amekifunga kiunoni kama mfuko. Hakuung'oa uyoga kwa kuuvuta. Aliushika chini kabisa ya shina, akauzungusha polepole mpaka uachie, na mzizi akauacha ndani. Mzizi, alisema, ni mlango wa nyumba ya mchwa, na mgeni mwema haondoki na mlango. Uyoga wa kwanza wa msimu hakuubeba. Aliuweka juu ya kichuguu, kofia ikiangalia mbinguni, akapita.

"Buyoga habupandwi," alizoea kusema. "Bunapokelewa."

Alisema hivyo kwa wanawake wenzake, kwa maofisa waliopita kuhesabu watu, na hata siku moja kanisani alipoombwa kutangaza sadaka ya mavuno. Neno hilo lilinipendeza sana zamani. Sasa ninapolikumbuka ninainamisha kichwa.

Siku ya soko alitembea mpaka Rugaaga kubadilishana uyoga na ndizi. Muuzaji mmoja mwenyeji alimwonea huruma, akamnyooshea mfuko wa plastiki, ule unaoitwa kaveera.

"Nyabo, weka hii kitu kwa kaveera, itapotea kwa njia."

"Hapana, mama. Buyoga bunapumua. Ukibutia mu kaveera, bunakufa. Weye nikikufunga mu gunia, utaimba?"

Yule muuzaji alicheka mpaka akaongeza vidole viwili vya ndizi. Tangu siku ile alimwita "mama wa gunia", nao walikuwa marafiki hadi mwisho.

Msidhani alikuwa mtu wa mstari mmoja. Aliogopa radi kuliko mtoto. Ngurumo ikianza aliingia chini ya kitanda na kubaki huko akikemea, na asubuhi yake alimshukuru Mungu kwa ngurumo ile ile, kwa kuwa ndiyo iliyoamsha uyoga. Alichukia uongo, akawafukuza watoto waliodanganya katika darasa la Jumapili, lakini watoto wagonjwa wasiotaka kula aliwaambia kuwa uyoga wake wa karanga ni nyama ya mbuzi. Nilimwuliza kuhusu hilo. Akanijibu, "Mbuzi atanisamehe." Aliomba macho yakiwa wazi. Mchungaji alipomwonya, alisema nyoka hafumbi macho kwa sababu Mama Shemasi anaomba.

Uyoga mwingine aliukausha juu ya turubai kuukuu, akautwanga, akaweka unga wake katika kopo la maziwa lenye mfuniko. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake. Mwenye kikohozi alipewa kijiko katika maji ya moto. Mama aliyejifungua alipewa katika uji, ili maziwa yashuke. Sijui ni watoto wangapi wa Juru walinyonya maziwa yaliyotokana na kopo lile. Mimi nilikuwa nikimshukuru Mungu kila nilipoliona. Mgao wa chakula ulipochelewa, na ulichelewa mara nyingi, uyoga wake ndio ulikuwa nyama yetu.

Sasa nije kwenye kichuguu.

Kabla sijawa mtu wa kanisa nilikuwa mtu wa dhahabu. Huko kwetu niliosha mchanga mtoni, na baadaye nikawauzia waoshaji wenzangu zebaki, ile fedha ya majimaji inayokusanya chembe za dhahabu kama kuku anavyokusanya vifaranga. Ukishaikusanya unaichoma juu ya mfuniko wa kopo, zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Wachache walijua jina la zebaki. Machimboni tuliita "dawa" tu. "Una dawa?" "Leta dawa." Nilipokimbia, nilikimbia na chupa moja ya soda ya kioo iliyojaa dawa hiyo, nimeiziba kwa kitambaa na nta. Ni ndogo machoni, lakini mkononi ni nzito kama mwana-kondoo. Niliposhindwa kubeba sufuria ya mke wangu, niliibeba chupa ile. Nilikusudia kwenda kwenye machimbo yaliyo ng'ambo ya mji wa Mbarara na kuanza upya.

Mungu akanishika kabla sijafika huko. Ulikuwa wakati wa uamsho hapa Juru. Watu waliungama hadharani, wakaleta vitu vyao vya zamani, hirizi, vibuyu, misokoto ya bangi, navyo vikachomwa au vikazikwa huku tukiimba. Mimi nililia kwa kweli, naandika hivi mbele za Mungu. Nikaamua kuiacha dhahabu na kila kilicho chake. Nikaileta chupa, nimeifunga katika shati, nikaomba izikwe.

Lakini niliogopa kusema ni nini. Watu walikuwa na njaa, na usiku wezi walipita penye fununu ya dhahabu. Nani angeamini kuwa mwenye zebaki hana dhahabu? Basi mchungaji aliponiuliza mbele ya kusanyiko, "Ndugu, unazika nini?", nilijibu:

"Dawa."

Watu wakapiga vigelegele. Walielewa dawa ya mganga, dawa ya kuloga. Niliona wameelewa hivyo. Mchungaji akasema mbele ya wote kwamba nguvu za giza zimeangushwa. Tukaenda kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya shamba la kanisa, mahali pasipolimwa, nikachimba ubavuni mwake, nikaishusha chupa na shati lake, nikaipiga kwa jembe isije ikatamaniwa tena. Nilisikia kioo kikivunjika. Nikafukia.

Sikusema uongo. Hilo ndilo lililonipoteza. Kila mara dhamiri iliponiuliza, niliijibu kwamba nilisema dawa, na dawa ndiyo ilikuwa. Ushuhuda wangu ukapendwa. Nikaalikwa kuusimulia kanda nyingine za kambi, nikapelekwa kusoma Biblia, nikarudi nikawekwa kuwa mzee wa kanisa. Nilihubiri mara mbili habari za yule mtu aliyefukia nyara chini ya hema lake, na sauti yangu haikutetemeka.

Baada ya mazishi yale hakuna aliyekaribia kichuguu. Wanawake walikizunguka kwa mbali na kuni zao. Ikapita misimu miwili. Msimu wa tatu mgao ulichelewa kupita kiasi, na kichuguu kile, kama kwa kusudi, kikatoa uyoga kushinda vyote, umesongamana, mweupe, kama watu waliokaa mkutanoni. Watoto waliulilia, na mama zao wakawavuta mikono.

Mama Shemasi alikwenda peke yake mchana kweupe. Akachuma kitenge kizima. Akapika mbele ya mlango wa kanisa, kwa chumvi tu, akakaa kwenye jiwe, akala mbele yetu.

"Kama dawa ya shetani ingali na nguvu," alisema, "ije inishike hapa hapa mukiniangalia. Bwana alisha izika. Miye naogopa nini?"

Tukangoja. Jua likazama, naye yuko pale pale, anachokonoa meno kwa kijiti. Kesho yake alikuja kuomba kuni. Wiki ile Juru yote ilikula uyoga wa kichuguu, nami nilikula, na watoto wangu wakala.

Tangu siku hiyo hakukosa kuchuma pale, kila mvua, na alianza na pale kabla ya kwingine. Kwake ilikuwa ibada. Ukawa ushuhuda wake, kama mazishi yalivyokuwa ushuhuda wangu, na katika mikutano tuliwekwa mmoja baada ya mwingine: mimi niliyezika dawa, yeye aliyeidharau. Tulifanana kama mwili na kivuli. Sikujua basi kwamba udongo unaweza kuishika zebaki, na uyoga ukainyonya kutoka katika udongo. Nilijua moshi wake ni mbaya. Machimboni niliwaona wachomaji wazee wakishindwa kushika kikombe. Hayo niliyajua, nanyi mnapaswa kujua kwamba niliyajua, kwa sababu baada ya miaka kadhaa mikono ya Mama Shemasi ilianza kutetemeka. Kwanza ilikuwa kijiko, kisha sindano. Siku ya meza ya Bwana niliona sinia ya vikombe ikilia mikononi mwake kama kengele ndogo. Nikamwambia, "Mama, umri." Naye akasema, "Umri ni mgeni asiyeaga." Nikatazama pembeni.

Ndipo akaja mwanafunzi wa chuo kutoka Mbarara, binti mwenyeji, mpole, mwenye buti zilizojaa tope. Alikuwa anasoma habari za vyakula vya porini. Mama Shemasi alimpenda mara moja. Alimzungusha kwenye vichuguu vyote, akamfundisha kuuzungusha uyoga kwenye shina, na alipoona binti anatia uyoga katika mfuko wa karatasi, akasema, "Huyu ana akili, karatasi inapumua." Binti aliandika juu ya kila mfuko mahali ulipotoka. Akaondoka.

Miezi ikapita, akarudi na gari la chuo, akaomba watu wakusanyike. Kiswahili chake kilikuwa kile cha huku Uganda, na mzee mmoja aliyezoea zaidi lugha yake alipaswa kumsaidia. Mzee huyo nilikuwa mimi.

"Wazee, mama zangu," alisema, "uyoga ya vichuguu vingine iko sawa. Lakini hii ya nyuma ya kanisa iko na kitu mbaya. Uyoga nakunywa hiyo kitu kutoka chini, kama kitambaa nakunywa maji. Kupika haitoi. Kukausha haitoi. Mama iko na mimba asikule kabisa, na watoto pia."

Akalitaja jina la kitu hicho kwa Kiingereza. Watu wakatazamana. Akanigeukia.

"Mzee, kwa Kiswahili munaitaje?"

Nilikuwa na majina mawili kinywani. Kama ningesema zebaki, waoshaji dhahabu wawili watatu waliokuwa pale wangegeuka kunitazama. Kama ningesema dawa, kichuguu kingejieleza chenyewe. Nikasimama, nikasafisha koo, nikasema:

"Anasema buyoga ya kichuguu iko na sumu."

Binti akaitikia kwa kichwa, maana sumu ni sumu, alijua neno hilo. Mvua ilikuwa inakuja, na dereva akaogopa barabara. Akatusihi tena tusichume pale, akaaga, gari likaondoka. Ndipo fundi wa baiskeli, mtu mzima, si mchochezi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Sumu ya nani?"

Asiyetoka kwetu hawezi kuelewa swali hilo lilivyo zito. Huko Kivu sumu haikai ndani ya udongo. Sumu ina mwenyewe. Inawekwa na mkono, katika pombe, katika chai, chini ya ukucha wa anayekukaribisha. Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba chakula kina sumu, hatauliza sumu gani. Atamtafuta mpishi. Nilikulia humo. Nilijua ninachosema niliposema.

Watu wakageuka mmoja mmoja kumtazama Mama Shemasi.

"Munaniangalia miye?" akauliza.

"Angalia mikono yake," sauti ya mwanamke ikanong'ona nyuma.

Akaitazama mikono yake, kisha akaificha ndani ya kitenge. Na kwa kuificha, wakaamini.

Wengine wakasema aliikuta dawa ya kuloga akaitwaa badala ya kuidharau. Wengine wakakumbuka watoto waliokufa, kila mmoja wa kwake, na kopo la maziwa. Baraza la wazee lilikaa. Tulikuwa wanne. Watatu walisema avue kitambaa mpaka mambo yachunguzwe. Mimi sikusema lolote, na kunyamaza kwangu kukahesabiwa kuwa huzuni. Alikifungua mwenyewe. Ilimchukua muda, vidole vikiruka fundo, na hakuna aliyemsaidia. Akakikunja mara nne, akaniwekea mikononi.

"Shika, Muzee. Usikiweke fasi ya panya."

Baada ya wiki chache alihamia Mbarara, kwa mjukuu wake wa kike aliyepanga chumba Nyamityobora. Kitambaa nilikiweka ndani ya sanduku langu la vitabu. Kikakaa humo miaka miwili. Kila nilipotafuta kitabu cha kuhubiria, kilikuwa juu.

Ningeweza kuandika kwamba toba ilinijia katika maombi. Haikuwa hivyo. Ilinijia jikoni. Mke wa mwanangu alikuwa na mimba ya kwanza. Asubuhi moja ya mvua nikamkuta anaosha uyoga mkubwa, mweupe, beseni zima.

"Umetoa wapi, binti?"

"Ku kichuguu cha kanisa, Baba. Bantu bote banachuma. Mwenye sumu alisha enda, kichuguu kimepona."

Nikalinyanyua beseni nikalimwaga chooni, sikubakiza hata kofia moja. Akabaki ameduwaa, mikono inachuruzika maji.

"Baba, juu ya nini unamwanga chakula?"

"Kiko kibaya."

"Nani amekitia ubaya? Yule mama haiko hapa."

Jibu lilikuwa neno moja. Nikalimeza. Lakini mantiki ya mtoto yule ilinikamata shingo: ikiwa sumu ni ya mtu, mtu akiondoka, sumu imeondoka. Uongo wangu ulikuwa umemaliza kumla Mama Shemasi, sasa ulikuwa unafungua kinywa kwa mjukuu wangu. Kesho yake nikatia kitambaa mfukoni, nikapanda gari la Mbarara.

Nilimkuta Nyamityobora ameketi mlangoni, katika safu ya vyumba vya kupanga, mjukuu wake akiuza nyanya na makaa hatua chache mbele. Alikuwa na ungo wa maharage magotini. Amekonda. Kichwa kiko wazi, nywele nyeupe, fupi. Mikono ilikuwa inatetemeka juu ya ungo, na makapi yalikuwa yanajitenga pembeni.

"Bwana asifiwe, Mama."

"Amina. Muzee! Karibu. Ona, hii mikono sasa inapepeta yenyewe. Mujukuu anasema nimekuwa mashini."

Alicheka. Mimi sikuweza. Akamtuma mjukuu achemshe chai, akaniuliza habari za kila nyumba ya Juru, hata za walionong'ona. Mjukuu aliniambia kando kwamba daktari alimtazama, akasema yaweza kuwa uzee na yaweza kuwa ile sumu ya kichuguu, na baada ya miaka mingi hivyo ni vigumu kuvitenganisha. Nikarudi, nikaketi chini, si kwenye kiti, nikamweleza. Nilimweleza chupa, shati, jembe. Nilimweleza neno dawa na neno sumu. Nikatoa kitambaa nikakiweka juu ya goti lake.

Ungo ukaendelea kutoa sauti.

"Haikuwa dawa ya mganga," akasema mwishowe.

"Haikuwa."

"Ilikuwa ya dhahabu tu."

"Ya dhahabu tu, Mama."

"Kumbe." Akatazama barabarani. "Kumbe ile myaka yote nilikuwa nashindana na shetani haiko. Nilikuwa nakula mbele ya bantu, nasema, shetani njoo. Na shetani hakukuwa na habari. Ilikuwa chupa yako."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa ajili ya mikono yake, na kwa ajili ya jina lake. Kwa hilo sikuwa nimejitayarisha. Ushuhuda ule ndio uliokuwa mali yake pekee, hakuja na kitu kutoka vitani, nami nilikuwa nimempa wa bandia.

"Mikono nakusamehe," alisema. "Mikono ingezeeka tu. Kitambaa pia. Ile ingine, ngoja kwanza. Niache niikasirikie kidogo."

"Ni haki yako, Mama."

"Kule Juru bado banachuma pale?"

"Banachuma."

Akanisukumia kitambaa kifuani kwa nguvu nisizozidhania.

"Na weye umekaa hapa unakunywa chai! Ondosha hii kintu. Ulidanganya mbele ya bantu, Muzee. Uongo wa mbele ya bantu haiungamwi ku mlango wa nyumba. Rudi. Sema kule kule. Alafu utaniletea."

Sikumaliza chai.

Jumapili ile nilisimama mahali pale pale niliposimama siku ya mazishi. Nililitaja jina la zebaki, nikaeleza inavyotumika, na wale waoshaji dhahabu wa zamani wakainamisha vichwa, maana walielewa kabla ya wengine. Nikaeleza kwamba sumu hii haikuwekwa na mkono wa Mama Shemasi katika chungu cha mtu yeyote. Fundi wa baiskeli akasimama, mvi zimemjaa sasa.

"Nauliza tena, wazee. Sumu ya nani?"

"Yangu," nikasema.

Hakunitukana. Aliketi. Kuna waliolia, na kuna mama mmoja aliyetoka nje bila kunitazama, na hanisalimu hadi leo, sina cha kumdai. Alasiri ile tulikizungushia kichuguu miiba na waya. Yule binti wa chuo aliitwa, akaja, akaeleza upya taratibu, na safari hii hakuna aliyeuliza mwenyewe ni nani. Mimi nilivuliwa uzee wa kanisa, ikawa haki. Nakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Mjukuu wangu alizaliwa salama, jina la Bwana lihimidiwe. Kila asubuhi ninampa kikombe, ninatazama vidole vyake.

Nilirudi Nyamityobora mwezi uliofuata nikiwa na kitambaa na barua ya kanisa ya kumwomba msamaha. Mama Shemasi alimpa mjukuu wake barua aisome, akaisikiliza kama mtu anayesikiliza bei. Kisha akakitazama kitambaa.

"Hakina tundu. Panya hawakukiona."

"Hawakukiona, Mama."

"Basi funga weye. Miye mikono iko na kazi ingine."

Sikuwahi kumfunga mwanamke kitambaa kichwani, hata mke wangu marehemu. Nilisimama nyuma yake, nikakikunja pembe tatu kama nilivyoona wakifanya, nikakizungusha. Nywele zake zilikuwa laini kama za mtoto. Vidole vyangu navyo, kwa haya na kwa umri, vilikuwa vinatetemeka, hata fundo likanikimbia mara mbili. Akahisi.

"Na weye ulikula, sivyo?"

"Nilikula, Mama. Nilikula na ninyi wote."

"Ah." Akangoja mpaka nikamaliza. Akapeleka mkono, akapapasa fundo. "Umefunga vibaya. Lakini kimefungwa. Leta ungo."

Nikamletea ungo. Tukachagua maharage mpaka mchana.

Wewe unayesoma, Mungu akulinde na neno la kweli linaloficha uongo. Akupe ujasiri wa kulitaja jambo kwa jina lake kungali mapema, na pale ulipochelewa, akuwekee mtu wa kukurudisha mahali uliposemea. Mvua zako ziwe njema, na unachookota njiani kiwe chakula. Amina.